Programu Bado Zinalisha? Njia Nne za Mhitimu wa Mombasa, Bega kwa Bega

Kazi ya programu haijafa. Kilichobadilika ni mlango wake wa kuingilia, na anayeumia zaidi ni yule anayefika na shahada mpya mkononi bila mtu wa kumtambulisha. Nayaandika haya kwa ajili ya waliomaliza Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na kampasi nyingine zilizotapakaa mjini Mombasa. Nayaandika pia kwa wazazi wao. Wengi wao walijinyima ili karo ipatikane, na sasa wanauliza, kwa haki kabisa, mbona kijana yuko nyumbani na laptopu yake na simu hailii.

Njia zinazotajwa sana vijana wakikutana ni nne: kupanda Nairobi, kubaki Mombasa katika kampuni na taasisi za hapa, kufanyia kazi ng'ambo ukiwa nyumbani, au kuhamia fani jirani kama mitandao, usalama wa mifumo na data. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, kwa sababu nimeona vijana wakichagua kwa kigezo kimoja tu, mshahara wa mwezi wa kwanza, wakajuta baadaye.

Soko lilifikaje hapa

Aliyeingia chuo Septemba 2021 aliingia msimu wa neema. Riba Marekani zilikuwa karibu na sifuri na fedha za wawekezaji zilipatikana kwa urahisi. Microsoft ilikuwa na kituo chake cha uundaji programu Nairobi tangu 2019. Aprili 2022 Google ikatangaza cha kwake, na Visa ikafungua kituo cha ubunifu mwezi huohuo. Mzazi aliyemwambia mwanawe asome kompyuta wakati ule hakukosea.

Lakini Machi mwaka huo Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuanza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 zilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Meta ikatangaza kuachisha watu 11,000 Novemba 2022. Januari 2023 Amazon ikataja zaidi ya 18,000, Google 12,000 na Microsoft 10,000. Kampuni changa za hapa zilizotegemea fedha za aina hiyo nazo zikayumba: Sendy, ya usafirishaji wa mizigo, ilifunga 2023, na Copia, ya biashara ya mtandaoni, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024.

Katikati ya hayo, tarehe 30 Novemba 2022, ChatGPT ikatoka. Zana hizi za akili unde (AI) hazikuanza na kazi ya mhandisi mzoefu. Zilianza na zile kazi ndogondogo alizokuwa akipewa mwanagenzi ili ajifunze: kutengeneza fomu, kurekebisha hitilafu nyepesi, kuandika majaribio. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua takwimu za malipo ya wafanyakazi Marekani. Waliona kuwa ajira ya vijana wa miaka 22 hadi 25 katika kazi zinazoguswa zaidi na akili unde ilikuwa imeshuka kwa asilimia 13 ikilinganishwa na kazi zisizoguswa sana. Wakubwa wao, katika kazi zizo hizo, hawakutikisika.

Upande wa pili, Ofisi ya Takwimu za Ajira ya Marekani ilikadiria kuwa nafasi za wasanidi programu zitaongezeka kwa asilimia 17 kati ya 2023 na 2033, huku za waandishi wa msimbo (yale maandishi yanayounda programu) wanaofuata tu maelekezo ya wengine zikipungua kwa asilimia 10. Ukiziweka pamoja takwimu hizi mbili unaona picha kamili: anayeelewa tatizo la mteja na kubuni suluhisho anatafutwa, anayeandika tu alichoambiwa anaachwa. Ni takwimu za Marekani, naam, lakini kampuni za Nairobi hutumia zana zilezile, na nyingi hupata fedha zao kutoka hukohuko.

Kabla hujailaumu akili unde kwa yote, kumbuka kuwa Andela, kampuni iliyowaunganisha wasanidi wa Afrika na wateja wa ng'ambo, iliachisha wasanidi wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya mwaka 2019, kwa sababu wateja wake walitaka wazoefu. Huo ulikuwa mwaka wa tatu kabla ya ChatGPT. Tatizo la wanaoanza lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani, na ndiyo sababu kigezo cha pili hapa chini nakipa uzito mkubwa.

Vigezo vinne

*Mlango:* ni rahisi kiasi gani kuingia bila uzoefu, na unaingia kupitia nani.

*Mwalimu:* nani atakayeisoma kazi yako, akukosoe na akuonyeshe. Mhitimu asiye na mtu wa kumkosoa katika miaka miwili ya mwanzo hubaki mwanafunzi kwa muda mrefu, hata akilipwa vizuri. Kama kuna jambo moja ningependa mhitimu alishike, ni hili.

*Mfuko:* si mshahara ulioandikwa kwenye barua, bali kinachobaki baada ya makato, kodi ya nyumba, nauli na bando.

*Kudumu:* ujuzi unaoupata utakuwa na thamani miaka mitano ijayo? Kampuni yenyewe inalishwa na wateja au na wawekezaji?

Njia ya kwanza: kupanda Nairobi

*Mlango.* Nafasi nyingi za programu nchini ziko Nairobi: benki, kampuni za simu, kampuni za malipo, vituo vya mashirika ya kigeni. Wingi huo una bei yake, maana kila tangazo linagombewa na wahitimu wa nchi nzima. Benki kubwa na kampuni za simu huwa na mipango ya kuchukua wahitimu kwa makundi, na usaili wa kwanza mara nyingi hufanywa kwa mtihani wa mtandaoni au simu ya video. Kwa hiyo omba ukiwa bado Mombasa. Kupanda treni na kwenda "kutafuta-tafuta" ukiwa huna barua hata moja ni njia ya haraka ya kumaliza akiba ya nyumbani. Tiketi ya daraja la kawaida ya SGR imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote zinazokungoja huko.

*Mwalimu.* Hapa Nairobi inaongoza, na haina haja ya kubishaniwa. Katika kampuni yenye timu ya kweli, msimbo wako hausogei mpaka mwenzako ausome mstari kwa mstari. Atakuuliza mbona umeandika hivi, itakuwaje malipo yakifika mara mbili, itakuwaje mtandao ukikatika katikati ya muamala. Maswali hayo hayafundishwi darasani kwa sababu darasani hakuna pesa ya mtu iliyopotea. Nchi hii imekuwa ikituma pesa kwa simu tangu M-Pesa ianze Machi 2007, na mifumo iliyojengwa kuizunguka imewapa wahandisi wa Nairobi uzoefu wa miamala mingi kwa wakati mmoja ambao ni vigumu kuupata kwingine katika eneo hili.

*Mfuko.* Mshahara wa Nairobi kwa kawaida huuzidi wa Mombasa kwa kazi ileile. Toa makato kwanza: kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Kisha toa kodi ya nyumba na amana yake, chakula cha kila siku unachokinunua mwenyewe, na matatu za asubuhi na jioni. Kijana anayeishi kwa wazazi Mikindani au Kisauni, anayekula nyumbani, anaweza kubaki na pesa nyingi zaidi kwa mshahara mdogo. Chukua kalamu ufanye hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi.

*Kudumu.* Inategemea ni kampuni gani. Benki na kampuni ya simu haifungwi kwa sababu mwekezaji mmoja amebadili nia. Kampuni changa yaweza kukufundisha mengi zaidi kwa mwaka mmoja, na yaweza pia kukuaga mwaka wa pili.

Njia hii inamfaa mwenye barua mkononi au jamaa wa kumpokea, anayejua kuwa anapenda kazi yenyewe ya kuandika programu na anataka kuumbwa na wakubwa wake.

Njia ya pili: kubaki Mombasa

Wengi huihesabu njia hii kuwa ya walioshindwa kwenda Nairobi. Sikubaliani nao hata kidogo.

*Mlango.* Hutaona matangazo mengi. Kazi za programu Mombasa hazijiiti kazi za programu. Zimejificha ndani ya biashara nyingine. Mwaka 2024 bandari yetu ilihudumia zaidi ya tani milioni 40 za shehena na zaidi ya kontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, nyingine zikienda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kila kontena huzaa karatasi: hati ya shehena, tamko la forodha katika mfumo wa iCMS wa KRA, vibali kupitia mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, malipo ya bandari, hati ya lori la kulichukua. Mawakala wa forodha wa Kilindini na Moi Avenue, bohari za kontena za Changamwe na Miritini, kampuni za malori, wote huhamisha taarifa zilezile kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa mkono, wakizifuata kwa WhatsApp na majedwali ya Excel. Siku moja ya kuchelewa ina gharama ya kuhifadhi na gharama ya kukaa na kontena la watu. Anayeijua safari ya karatasi hizo na pia anajua kuandika programu ana kazi hapa.

Kuna eTIMS pia, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki katika hesabu za kodi ya biashara, kwa hiyo hata mwenye duka la vitambaa Biashara Street analazimika kuwa na ankara za kielektroniki. Mwenye duka dogo atatosheka na zana za bure za KRA. Lakini msambazaji mwenye bohari, hoteli ya Nyali yenye mikahawa mitatu, au duka la vipuri lenye matawi, huhitaji mfumo wake wa mauzo uungwe moja kwa moja na wa KRA, na malipo yake yaungwe na M-Pesa kupitia Daraja, kiunganishi cha Safaricom kwa wasanidi programu. Anayetaka kuuza huduma hiyo kwa wengine lazima kwanza aidhinishwe na KRA. Kwa mhitimu, basi, njia nyepesi ni kuingia katika kampuni iliyokwisha kuidhinishwa. Ongeza hospitali na zahanati zilizolazimika kubadili mifumo SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, pamoja na masharti ya Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 na ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mlango wa kazi hizi ni watu. Kijana huingia kwa kuanza na mafunzo ya kazini, kwa mjomba aliye wakala, kwa kujitolea kumrekebishia mtu jambo moja likafanya kazi. Kwa asiye na jamaa kuna kituo cha Swahilipot Hub hapa mjini, ambako vijana wa teknolojia na wa sanaa hukutana na waajiri. Kuna pia mpango wa serikali wa uanagenzi wa mwaka mmoja kwa wahitimu, ule wa vipaji vya kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya TEHAMA, ambao huwapeleka wanagenzi katika taasisi za umma.

*Mwalimu.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa Mombasa, na sitaufunika. Ofisini unaweza kuwa mtu pekee wa kompyuta. Asubuhi printa imekwama, adhuhuri kamera za ulinzi hazionyeshi, jioni bosi amesahau nenosiri. Mwaka unapita hujaandika programu yoyote ya maana, na hakuna aliyekwambia kuwa ulichoandika kina kasoro. Kabla ya kukubali kazi ya namna hiyo, mwombe mwajiri akubaliane nawe kwa maandishi mradi mmoja wa programu utakaoujenga ndani ya mwaka, na sehemu ya wiki iliyotengewa mradi huo. Mwajiri wa Pwani mara nyingi hakatai. Ni vile tu hakuna aliyemwomba. Kisha tafuta mkosoaji nje ya ofisi: mwalimu wako wa chuo, mzoefu uliyekutana naye Swahilipot, au miradi ya programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ambako wageni kabisa watasoma msimbo wako na kukukosoa bila haya.

*Mfuko.* Mshahara wa kuanzia ni mdogo, wakati mwingine mdogo mno, na uanagenzi usiolipwa umekuwa mazoea mabaya mjini. Miezi mitatu ya kujifunza inaeleweka. Mwaka mzima wa kumjengea mtu mfumo bila malipo haueleweki. Unachookoa ni kodi ya nyumba na chakula.

*Kudumu.* Hapa Mombasa inapanda. Akili unde inaweza kuandika fomu ya kuingiza kontena kwa sekunde chache. Haijui kwamba wakala fulani hupokea orodha ya shehena ikiwa na makosa yaleyale kila wiki, wala kwamba dereva akifika bohari baada ya saa kumi na moja jioni hatapakiwa mpaka kesho. Maarifa hayo hupatikana kwa kukaa na makarani na kuwasikiliza, na ndiyo yanayomwezesha msanidi kubuni mfumo unaotumika kweli.

Inamfaa aliye na mizizi hapa, mwenye subira ya kuongea na wafanyabiashara kwa lugha yao, na anayeweza kujisimamia katika kujifunza.

Njia ya tatu: kufanyia kazi ng'ambo ukiwa nyumbani

Inavutia, hasa Mombasa. Nyaya za chini ya bahari zinazoileta intaneti nchini hutua hapahapa kwetu: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine baada yake.

*Mlango.* Kwa ajira kamili, ni mgumu kuliko zote kwa asiye na uzoefu. Mwajiri aliye Berlin au Boston hawezi kukaa kando yako akufundishe, hivyo hutafuta anayeweza kujitegemea tangu siku ya kwanza. Sheria ya kodi ya Marekani nayo haisaidii. Gharama za kuunda programu zinazofanyika nje ya nchi hiyo, kampuni hulazimika kuzigawanya kwa miaka 15 katika hesabu zake za kodi, ilhali tangu sheria ya Julai 2025 zile za ndani zaweza kutolewa zote mwaka huohuo. Vibarua vidogo vya mtandaoni, kama vile vinavyofundishwa katika mpango wa Ajira Digital, vina mlango mpana zaidi, lakini vingi ni vya kunakili maandishi na kutia lebo data. Ni riziki halali na sizidharau. Hazikujengi kuwa msanidi programu, basi usizihesabu kuwa uzoefu wa fani.

*Mwalimu.* Ukibahatika kuingia katika timu nzuri, utasomwa na kukosolewa kwa maandishi kila siku, na hiyo ni shule kubwa. Kwenye vibarua hakuna mwalimu. Mteja akiridhika analipa, asiporidhika anatoweka.

*Mfuko.* Malipo kwa dola au yuro yaweza kuupita mshahara wowote wa wanaoanza hapa nchini. Ila ukilipwa kama mkandarasi, kila kitu ni chako: kutangaza mapato yako KRA, kujilipia SHA, kuweka akiba ya uzee, kununua betri ya akiba. Stima ilipotea karibu nchi nzima Agosti 2023 na tena Disemba mwaka huohuo. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote. Mteja wa mbali huelewa mara ya kwanza; mara ya tatu anatafuta mtu mwingine.

Saa nazo zipige hesabu. Na Ujerumani tunatofautiana kwa saa moja au mbili tu, kulingana na msimu. Na New York tofauti ni saa saba au nane: siku yao ya kazi, ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwetu ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku, na majira yao ya baridi inasogea saa moja mbele. Mwenye ndoa changa au mzazi mgonjwa nyumbani alifikirie hilo kabla ya kusaini.

*Kudumu.* Kandarasi hukatwa kwa barua pepe moja, na ukikatwa huna chama wala mahakama ya karibu ya kukusaidia.

Inamfaa aliyekwisha kufanya kazi miaka miwili au mitatu kwingineko. Mhitimu mpya aiweke kama lengo la baadaye, isipokuwa awe na kazi halisi anayoweza kuionyesha, iliyojengwa na kutumiwa na watu.

Njia ya nne: fani jirani

Hii nitaipitia kwa ufupi, maana kila fani ndani yake ingestahili makala yake.

*Mlango* wa mitandao uko wazi kuliko wa programu, na vyeti vinahesabika: CCNA kwa mitandao, Security+ kwa usalama. Hoteli, bandari, watoa huduma za intaneti na vituo vya data vilivyojengwa Mombasa kwa sababu ya nyaya za baharini, vyote vinahitaji mafundi wa kuwepo mahali pale, si kwa mbali. Usalama wa mifumo umepata uzito tangu eCitizen ishambuliwe Julai 2023 na huduma zikasimama, ingawa waajiri wengi wa usalama hutaka mtu aliyeanzia kwanza kwenye mitandao au seva. Data hutaka hisabati, na aliyeikwepa hisabati chuoni asijidanganye. *Mwalimu* mara nyingi yupo, kwa sababu kazi hizi hufanywa kwa zamu na kwa timu. *Mfuko* ni wa wastani mwanzoni, na mitihani ya vyeti hulipiwa kwa dola. *Kudumu* ni kuzuri: waya uliokatika Shanzu lazima mtu aufuate Shanzu.

Inamfaa aliyemaliza shahada akagundua kuwa kuandika msimbo kutwa nzima hakumpi raha. Wako wengi, na wasione haya.

Sasa wewe uko wapi?

Una barua ya Nairobi mkononi. Kabla ya kujibu, muulize msaili mambo matatu: nani atausoma msimbo wangu, timu ina wazoefu wangapi, na kampuni inalipwa na wateja au inaishi kwa fedha za wawekezaji? Majibu ya mawili ya kwanza yakiwa mazuri, panda hata kama mshahara si wa kutamba. Yakiwa mabaya, mshahara mkubwa hautaziba pengo hilo.

Una mkopo wa HELB na wadogo wanakutazama. Malipo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, kwa hiyo muda wa kungojea kazi ya ndoto haupo. Chukua kazi ya Mombasa inayolipa, hata ya kompyuta za ofisi, ukae nyumbani, na umshikilie mwajiri kwa ule mradi mmoja wa maandishi. Andikia HELB mapema ukiona mambo ni magumu, kuliko kunyamaza.

Ni binti ambaye wazazi hawajaridhia ahamie Nairobi peke yake. Usiishie kwenye ubishi wa nyumbani. Kampuni za Nairobi zenye kazi za mseto, siku nyingine ofisini na nyingine nyumbani, hukubali wafanyakazi wa mikoani, na baadhi ya kazi za Ulaya zinakwenda sawa na saa zetu. Anza na kampuni ya hapa, ujenge kitu kinachoonekana, kisha omba hizo. Mwombe na shangazi au dada mkubwa aliyewahi kufanya kazi Nairobi azungumze na wazee. Neno lake lina uzito kuliko lako.

Unaijua kazi kwa miaka miwili na zaidi, na umechoshwa na mshahara wa hapa. Basi ng'ambo ni kwako sasa. Anza na Ulaya kwa ajili ya saa, na uwe na njia ya pili ya intaneti kabla ya usaili wa kwanza.

Umekaa mwaka mzima, umetuma maombi hata umechoka kuhesabu, na hakuna aliyejibu. Acha kutuma kwa mwezi mmoja. Chagua biashara moja ambayo familia au jirani anaiendesha kweli: duka la nafaka Kongowea, gereji, chama cha akiba, ofisi ya wakala wa forodha. Kaa nao wiki nzima uone wanapopoteza muda au pesa. Jenga kitu kimoja kidogo kinachoondoa hasara hiyo, kitumike, kiharibike, ukitengeneze, kitumike tena. Tumia akili unde kukusaidia kuandika, lakini hakikisha unaweza kueleza kila mstari. Kisha rudi kwa waajiri walewale, na juu ya barua ya maombi, kabla ya jina la chuo, andika kitu hicho kinafanya nini, nani anakitumia, na anaweza kupigiwa simu kwa nambari ipi.